Kitochi cha Kaimu Mtarajiwa

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mkuu wa Masjala anastaafu. Mama Generosa, mkurugenzi wetu, katangaza kikaoni kwamba Ijumaa atateua wa kukaimu, na kwamba hamtaki mtu anayeshinda kwenye simu huku mafaili yakilala mezani. Akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa natazama simu, lakini kwa jambo zito: video ya mbuzi wa kijiji cha Kolo aliyepanda bodaboda.

Chumba cha kaimu kina mlango! Nakitaka. Mshindani ni mmoja, Optatus wa meza ya jirani. Mtu mkimya. Siwaamini watu wakimya.

Nimepitia mjini kununua kitochi, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Nyumbani Area D nikamkabidhi mke wangu, Penina, simu janja aifungie kabatini. Kauliza kama naumwa.

Jumanne, 13 Mei
Kitochi mezani, mahali pa kuonekana. Mama Generosa hakupita. Optatus yeye katumbukiza simu yake kwenye droo mpaka saa ya chai, bila kumwambia mtu. Sasa nani atajua? Hajui kujitangaza, maskini.

Jioni nikamwomba Penina simu yangu kidogo tu, niweke status: "Nimeachana na simu janja." Kauliza nitaiwekaje kama nimeachana nayo. Mwalimu wa hisabati huyo, hana dogo. Nikamweleza kuwa ni taarifa kwa umma.

Mama Generosa kaiona! Nimelala kama mtoto.

Jumatano, 14 Mei
Nimekuja nayo kazini, kwa ajili ya status tu. Nimeizima mlio, huo ndio uungwana. Picha ya kitochi pembeni ya faili: "Utulivu." Kila mara nakwenda msalani kuangalia nani kaona. Ritha wa mapokezi kanipa pole ya tumbo, akaniletea uji wa uwele. Nimeunywa wote.

Alhamisi, 15 Mei
Balaa! Mama Generosa kaitwa ghafla kwa Katibu Mkuu, akahitaji faili lililokuwa mezani kwangu. Akanipigia. Kitochi hakikuita, maana namba yake sijampa mtu. Simu janja nilikuwa nayo msalani, naandika: "Leo akili yangu yote iko kazini." Jina lake likatokea, likaziba maandishi. Kidole kikakata chenyewe. Nikamalizia, nikatuma. Optatus ndiye aliyempelekea faili, mbio.

Baadaye Mama Generosa kaniita. Shikamoo yangu kaiitikia bila kuinua kichwa. Alisema simu ilipokatwa alifungua status yangu, akaisoma. Akauliza, kwa upole, kazini kwenyewe ni wapi. Nimeona aibu kweli.

Ijumaa, 16 Mei
Optatus anakaimu. Kaingia chumbani, kafunga mlango taratibu. Imeniuma.

Penina kasema kosa langu liko wazi. Nakubali. Nimetafakari mchana kutwa na nimeliona: nilimruhusu bosi kuona status zangu. Nimeshamwondoa. Sasa naweza kuachana na simu kwa amani, na nimewatangazia hivyo wote waliobaki.

Ritha kaona. Fundi bomba kaona. Optatus bado. Nimeangalia tena sasa hivi, bado. Sijui mtu huyu anafanya nini humo ndani.