Idara ya Falsafa Imeniharibia Adui

Kwa Mkuu wa Idara ya Falsafa,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: UTAFITI WENU KUHUSU URAFIKI

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana mimi nimeiandika nimesimama.

Mimi ni yule wa ukurasa wa barua za wasomaji katika gazeti la mji wetu. Kwa miaka mingi nimebishana humo na mfamasia wa duka la dawa lililo mkabala na posta. Tumebishana kuhusu paa la soko, kuhusu saa ya mnara, ambayo mimi nasema irekebishwe na yeye anasema ing'olewe, na kuhusu kama redio isome matangazo ya vifo kabla ya habari au baada yake. Hatujawahi kukubaliana juu ya lolote. Nayasema haya ili uelewe mmevunja nini.

Wanafalsafa wa zamani walijifungia chumbani wakaamua peke yao urafiki ni nini. Ninyi mkasema hapana, watu waulizwe, nami nikawapongeza kwa maandishi. Vijana wenu walifika hadi kwa kinyozi wetu na vihadithi vyao: fulani kamtendea fulani hivi, je, huyo ni rafiki? Watu waliinuka wakiwa wamenyolewa nusu kichwa, wakajibu. Sasa mmeacha kuuliza. Mmekusanya lundo la matini, magazeti na barua za watu, mkaiagiza kompyuta itafute neno "rafiki", na mnachookota humo mnakiita ushahidi wa jinsi watu wanavyofikiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika ripoti yenu mmeniita "mtumiaji wa kawaida wa lugha." Nimeshaitwa mchochezi na kichwa kigumu, na shemeji yangu mmoja huniita Kipaza Sauti. Wa kawaida sijaitwa. Mifano yenu mingi imetoka kwenye barua zangu. Naitambua kama mtu anavyolitambua shati lake kwenye kamba ya jirani. Basi hao "wananchi" mnaowaeleza ni mimi, na hakuna aliyeniarifu kwamba nimekuwa wananchi.

2. Hamjui tunavyoandika. Katika ukurasa ule, kumwita mtu "rafiki yangu" ni kukunja mikono ya shati kabla ya ngumi. Niliwahi kuandika: "Rafiki yangu mfamasia ameihifadhi akili yake mahali pakavu, pasipofikiwa na watoto wala na yeye mwenyewe." Kinyozi aliisoma kwa sauti, na wateja walianza kucheka kwenye neno "rafiki", tusi lenyewe likiwa bado liko njiani. Kompyuta yenu haikucheka. Iliona upendo. Ndipo mkatangaza kwamba, katika fikra za watu, kubishana kwa muda mrefu hakupunguzi urafiki bali ni dalili yake.

3. Mkayachapisha hayo katika gazeti lile lile. Mfamasia akasoma. Jumapili akabisha hodi kwangu, ameleta dawa ya goti langu, ambalo sikumbuki kumwambia kwamba linauma. Akakaa. Akamwambia mke wangu, "Shemeji, miaka yote hii sikujua kwamba mwenzangu ananiweka moyoni namna hii." Nikamjibu papo hapo kwamba saa ya mnara lazima irekebishwe. Akasema nina hoja. Ndugu Mkuu, alikubali! Sijawahi kudhalilishwa hivyo ndani ya nyumba yangu.

4. Tangu siku hiyo hajaandika. Nimemchokoza kwa kila njia. Nimependekeza hata wafamasia wasiruhusiwe kusema kwenye mikutano ya mji. Tukikutana barabarani ananiulizia goti. Ukurasa wetu umetekwa na bwana mmoja anayesifia mvua. Gazeti likifika nalifungua pale pale, nakuta mvua, nalikunja, na chai inapoa. Mke wangu, ambaye sasa yuko upande wenu, ameniuliza, "Kama si rafiki yako, mbona unamngoja?" Swali hilo limetoka kwenu, nami nalirudisha kwenu.

5. Maandishi si mtu. Sijawahi kuandika gazetini kwamba nampenda mke wangu. Kwa lundo lenu, simpendi. Diwani wetu nimemwita "mheshimiwa" kila nilipomsihi aache kudanganya. Kwa lundo lenu, hakuna binadamu ninayemheshimu zaidi. Mke wa mfamasia hajaandika barua hata moja. Je, hana fikra? Mlitakiwa mje mniulize: mfamasia ni rafiki yako? Jibu ninalo tayari. Hapana. Liandikeni, lipigeni mhuri, na kompyuta izimwe ikapumzike.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote nilionao, barua zangu zitolewe kwenye lundo. Hilo likishindikana, mwandikieni mfamasia rasmi, kwa nembo ya chuo, kumhakikishia kwamba namdharau. Na hilo pia likishindikana, basi nipeni mmoja wa wahadhiri wenu awe adui yangu badala yake: awe anasoma kwa makini, anajibu upesi, na amekosea kuhusu saa ya mnara.

Nawasalimu wote idarani, walinzi wa getini, wanafunzi waliotumwa kuniokota gazetini, na hata hiyo kompyuta, ambayo kosa si lake.

Ndimi, kwa heshima iliyobaki,
Mtumiaji wa lugha asiye wa kawaida

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nilimpelekea mfamasia barua hii aipitie, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kuniambia imelegea wapi. Aliisoma amesimama nyuma ya kaunta. Alisema lalamiko la pili ni kelele tupu, na la tano ni baya zaidi, kwa sababu "mtu ukimuuliza habari za moyo wake mwenyewe, hapo umempata shahidi mbovu kuliko wote." Nikamwambia arudi kwenye vidonge vyake. Akaniita mnara usio na saa. Wateja wakasubiri dawa zao huku wakichagua upande. Ameapa kunijibu gazetini wiki hii, na nimerudi nyumbani nikala hadi mke wangu akashangaa. Basi msimwandikie chochote, na mhadhiri wenu abaki huko huko. Barua zangu ziacheni humo humo lundoni. Ila mkija kuniuliza, jibu bado ni hapana.