Msondo Wetu Wapata Mdhamini

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Katibu wa Tawi, Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi pamoja na nyumba zenyewe, Ndugu wachuuzi wa Mtaa wa Sikukuu, Ndugu muuza kahawa ambaye namwomba asigonge vikombe ninapoongea, Bi Kuruthumu, kiongozi wa kikundi cha ngoma, wakulima popote mlipojificha hapa Kariakoo, na wananchi kwa ujumla wenu: (Makofi. Nami, mkazi wa mtaa ninayeyaandika haya, nilipiga, maana huona aibu kubaki peke yangu na mikono mitupu.)

Mimi, Polycarp, Kaimu Meneja Msaidizi wa Mahusiano na Utamaduni wa Shirika la Vifungo, nimesimama nyuma ya meza hii ndefu, tuliyoifunika kwa kitambaa cha Shirika kama inavyostahili, kuwatangazia kwamba sera yetu ya udhamini wa sanaa, ambayo wataalamu huiita sastenabo sponsashipu, yaani udhamini ambao ukishaanza hauna namna ya kwisha, sasa imewafikia. (Makofi. Bi Kuruthumu akanyoosha mkono, akauliza nani amekamatwa, kwani mtaani kwetu mdhamini ni mtu wa kukutoa polisi. Kicheko.)

Swali zuri, mama yangu. Hakuna aliyekamatwa. Mnakumbuka kwamba wakati wa masika Shirika liliuchukua msondo wenu ili ukavishwe ngozi mpya. Nami nimearifiwa kwamba Jumamosi mnashindana na wenzenu wa Magomeni, na msondo usiporudi mtapiga madebe, mchekwe hadi Idi ijayo. Ndugu zangu, nasema hilo halitatokea! (Akapiga meza kwa ngumi. Meza ikaitika: ndu! Mzee Abbasi, mpiga msondo wetu, akaacha kutafuna tambuu.)

Hadi leo tumekamilisha asilimia tisini ya matayarisho ya mpango wa awali wa kutayarisha mpango, na hiyo asilimia kumi iliyobaki iko kwenye programu. Kwa nini tunajitolea hivi? Kwa sababu utamaduni ndio kifungo cha taifa! (Ndu!) Shati bila kifungo ni nini? (Ndu!) Ni kitambaa chenye mikono! (Ndu-ndu!) (Mabega ya akina mama yakaanza kutikisika. Mimi ni mtu wa haya, sijapata kucheza mbele za watu, lakini mguu wangu ulinitangulia.)

Naona mmeguswa. Tangu niajiriwe sijashangiliwa namna hii, na jambo hili nitalitia kwenye riporti. Basi tuitikie pamoja. Udhamini! (Udumu! Ndu!) Vifungo! (Vifungwe! Ndu-ndu!)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mkurugenzi wetu, ambaye bado hajaarifiwa kuhusu mpango huu. Naishukuru Komiti ya Ngozi, itakayoteuliwa mara tu fungu litakapopatikana, fungu ambalo kwa kweli hatujaliomba. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi, Bi Kuruthumu na kikundi chako, kwa kutuazima msondo, kwani Shirika halina meza ya kuhutubia, na huu wenu umetufaa katika kila mkutano tangu masika. Ninyi ndio wadhamini wetu.

(Muuza kahawa aliweka vikombe vyake chini. Bi Kuruthumu akaenda mbele taratibu, akashika pindo la kitambaa.

“Sogea, mwanangu,” akamwambia. “Tumekuja kumtolea mtu wetu dhamana.”

Akavuta. Ulikuwa ndio msondo wenyewe, na ngozi yake ile ile ya zamani, nzima. Mzee Abbasi alikuwa ameshakunja mikono ya shati.)

Ndugu wananchi, mkutano bado haujafungwa rasmi.

(Msondo ukaufunga. Mzee Abbasi alipiga, akina mama wakaingia uwanjani, nami nikawafuata bila kumtazama mtu usoni. Nilipogeuka nilimwona Ndugu Polycarp amejifunga kitambaa cha Shirika kiunoni, anacheza, na kusema kweli hachezi vibaya.)