Kijiji cha Ujamaa cha Vipepeo

Ilitangazwa mbele ya umma wa Ujiji, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikohoa, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kipepeo atakayehama bila kibali. Mwaka ulikuwa 1974, wa Operesheni Vijiji. Watu wote walikuwa wakihamishiwa vijijini. Viumbe wenye mabawa peke yao ndio walioendelea na mienendo holela.

"Tutawafuatilia!" alinguruma Ndugu Gervasi, Mkuu wa Mienendo. "Popote watakapokutwa wametua kwa wingi, hapo ndipo kijiji chao. Na mali yote iliyomo itakuwa ya wanakijiji wote!"

Wenye mashamba wakatazamana. Bonaventura, aliyeteuliwa papo hapo kuwa Afisa Mfuatiliaji, alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Alikuwa mtu wa kazi, maskini. Alizunguka mtaa wa Bangwe wote na kipande cha chandarua, akimpaka kila kipepeo aliyenaswa nukta ya rangi nyekundu ya kucha, kisha akimwachia na kumsihi awe na nidhamu. Zamani vipepeo walijaa ufukoni Katonga, kwenye mchanga uliolowa pale muuza samaki Veneranda alipokuwa akiosha migebuka yake ya chumvi. Sasa hakuonekana hata mmoja.

"Mama Veneranda, wamekwenda wapi?"

"Yewe Bonaventura! Niulize chumvi imekwenda wapi. Duka la ushirika halina hata punje tangu Pasaka. Samaki wananiozea, nitawalisha nini watoto? Na wewe mtu mzima unakimbizana na vipepeo!"

Afisa alisikitika kwa dhati. Lakini chumvi haikuwa katika idara yake.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, nukta nyekundu zikaonekana zikipanda mlimani makundi kwa makundi. Bonaventura akatimua mbio, watu nyuma yake, Veneranda na beseni lake tupu kichwani. Wakaishia nyuma ya nyumba ya Ndugu Gervasi. Maji yalikuwa yakichuruzika chini ya mlango wa stoo, na vipepeo wamejipanga wanayanyonya kwa utulivu, kama wajumbe mkutanoni wakinywa soda.

"Tawanyikeni!" Gervasi alitoka na taulo kiunoni. "Hawa ni vipepeo wa kawaida tu!"

"Samahani, Ndugu Mkuu. Wana nukta."

Na ili utafiti ukamilike, Bonaventura akachovya kidole kwenye maji yale, akalamba. Uso ukamng'aa.

"Chumvi!" akatangaza.

Mlango ukasukumwa. Magunia ya chumvi yalikuwa yamepangwa mpaka darini.

"Hiyo ni akiba ya wananchi," alisema Gervasi haraka haraka.

"Kabisa, Ndugu Mkuu," Bonaventura alikubali kwa heshima zote, huku akichomeka ardhini kibao alichotembea nacho wiki nzima: KIJIJI CHA UJAMAA CHA VIPEPEO. "Mali yote iliyomo ni ya wanakijiji wote. Ulisema mwenyewe."

Veneranda alikuwa ameshajaza beseni. Akalitua chini, akamtazama mwenye nyumba kuanzia taulo mpaka ndala.

"Na wewe, baba," akamuuliza, "kibali chako cha kuishi hapa kiko wapi?"