Askofu na Kona ya Kushoto

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Mvua ya kwanza. Maua ya mijakaranda yamelala barabara nzima, laini kama kitambaa cha bitana. Nimepanda mlima wa kanisa na Askofu. Kwenye kona ya mwisho, ya kushoto, tairi la nyuma la ndani limezunguka bure. Harufu ya mpira na maua. Nimepita kwa jaribio la nne.

Askofu ni gari langu. Godelieve ndiye aliyelibatiza, kwa rangi yake ya zambarau iliyoiva, na kwa sababu linakuja polepole na watu wanasogea lipite. Leo ni mwaka na miezi miwili tangu Godelieve, mke wangu, aondoke duniani. Wakati wake hatukuteleza pale hata siku moja. Alikaa nyuma, kushoto, kwa madai kwamba kwetu Bujumbura mke wa bosi hakai mbele. Mimi bosi wa cherehani mbili.

Belyse anaolewa Jumamosi ya tarehe moja. Ni mtoto wa marehemu dada yake Godelieve, tumemlea tangu ana miaka sita. Godelieve alimwahidi mtoto akiwa bado na pengo la meno ya utoto: utaingia kanisani ndani ya Askofu. Sasa kamati ya harusi imetangaza kukagua magari ya kumbeba bibi harusi Alhamisi ya wiki ijayo, palepale mlimani. Mshindani wangu ni mmoja. Ignace, kinyozi kutoka Lubumbashi, mwenye gari jeupe la viti saba linalonukia ndimu.

Sitashindwa na ndimu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimefikiri sana huku nikipiga pasi. Tairi linateleza kwa sababu ni jepesi. Ni jepesi kwa sababu aliyekuwa analikalia hayupo. Hesabu rahisi. Nimeweka gunia la mchele nyuma kushoto, kilo hamsini, nikalifunga mkanda.

Kona imefika. Gunia limelala upande wa kulia kama mlevi. Tairi likazunguka bure zaidi kuliko Jumatatu. Godelieve kwenye kona ile aliegemea kushoto, kichwa karibu na dirisha, nami nikidhani anatazama maua. Mchele hauegemei.

Ignace ameniona kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikisubiri. Ameshusha kioo, akasema Papa Méthode, hongera, kumbe umeshaoa tena, na bibi mwenyewe mweupe, mnene, hasemi neno. Ameendelea kucheka hata baada ya taa kuwaka kijani, mpaka wa nyuma yake wakampigia honi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeenda mtaa wa Hillbrow kwa Pitchou, fundi wa magari. Ameniambia ugonjwa uko kwenye difu, bonge la gia linalogawia tairi mbili za nyuma nguvu. Gari likikata kona, tairi la nje lina safari ndefu, la ndani fupi. Difu inayaachia yapishane mwendo. Kasoro yake ni upole: moja likipoteza mshiko, nguvu zinaishia kwake, na lenzake lililokanyaga vizuri linabaki kungoja.

Lakini iko difu ya kubana, akasema. Ndani ina visahani. Tairi moja likianza kukimbia peke yake, visahani vinabana, na nguvu zinalifikia la pili. Kwenye kona gari linasukumwa na yote mawili, halifi katikati. Ila isibane kupita kiasi, maana gari litataka kwenda mbele tu.

Nikamuuliza nitaitambuaje. Zungusha upande mmoja kwa mkono, akasema. Wa pili ukizunguka kinyume, hiyo ni ya kawaida. Ukifuata upande uleule, umekaribia kuipata. Halafu akaeleza kipimo cha pili. Hapo kuna mwanamke amepita na kitenge cha kijani, chenye ndege, kama kile cha Godelieve cha Pasaka. Nimemsindikiza kwa macho mpaka kona ya jengo. Nilipogeuka, Pitchou alikuwa anafuta mikono na kuniuliza kama nimeelewa, vieux, mzee.

Nimesema nimeelewa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mjini, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Nimeipata! Muuzaji anasema imetoka kwenye gari la wale wanaozungusha magari uwanjani siku za Jumapili mpaka moshi unaficha watu. Nimeona ni sifa. Nimezungusha upande wa kushoto, wa kulia ukafuata uleule, bila kusita. Nimerudia mara sita kwa raha tu.

Tumebadilishana kwa suti mbili nitakazomshonea. Ana mabega mapana, nitapata tabu ya koti.

Jumatano, 29 Oktoba

Pitchou amefunga difu. Ameniuliza mara mbili kama nilifanya kipimo cha pili. Nimesema ndiyo, mara mbili. Amesema haya, wewe umesema, lakini ile ya zamani usiitupe. Akaniwekea kwenye buti, imefungwa gazeti.

Njiani kila kona Askofu analia na kurukaruka nyuma kama mbuzi anayevutwa sokoni. Nguvu zinazoea nyumba mpya. Nimelala mchana kidogo, nikaota Godelieve amekaa nyuma kushoto, kwenye magoti yake kuna bakuli la maharage, na Askofu anapanda mlima bila sauti.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kamati nzima kwenye kona. Mwenyekiti ni Mama Jeannine, mama wa bwana harusi, na filimbi ya mpira wa miguu shingoni. Ignace amepita peke yake garini, polepole, safi. Wamepiga makofi.

Zamu yangu. Nimekata usukani kushoto, nikakanyaga mafuta. Tairi za mbele zimegeuka. Askofu hakugeuka. Amekwenda mbele tu, kwa heshima zote, akapanda ukingo wa barabara na kuusogelea mjakaranda mmoja mpaka wakagusana. Maua yameanguka juu ya paa kwa muda mrefu. Ilikuwa nzuri, kwa kweli.

Mama Jeannine amepiga filimbi. Ameniuliza, baba, umetuletea gari au treni. Bibi harusi amepewa Ignace. Mimi nimepewa viti vya plastiki.

Belyse alikuwepo. Ameokota maua kwenye kioo cha mbele, moja moja, akatia mfukoni.

Ijumaa, 31 Oktoba

Pitchou ameifungua difu. Ndani imechomelewa kuwa chuma kimoja. Wazungusha magari wanafanya hivyo makusudi, tairi mbili ziende sawasawa siku zote, gari lipige ubavu. Kipimo cha pili kilikuwa hiki: mtu ashike upande mmoja, wewe uzungushe mwingine. Ya kubana inakubali kwa shida. Iliyochomelewa inakataa kabisa. Aliniambia, anasema. Sikubishana.

Amerudisha ile ya zamani.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Msafara mrefu, honi, riboni zimelowa. Ignace mbele na bibi harusi na wasimamizi watano. Mimi mwisho na viti.

Kwenye kona msafara umesimama. Gari la Ignace linavutwa na tairi za mbele. Watu wote wale nyuma, mlima, pua imeinuka, tairi zinapapasa maua bila kushika. Ignace ametoka na suti yake nyeupe, akasukuma, akapiga magoti bila kukusudia.

Nimeona Belyse anateremka. Ameshika gauni kwa mikono miwili, gauni nililolishona mimi, akashuka mlima kwenye mvua, akapita magari yote. Amefungua mlango wangu wa nyuma, kushoto. Amesema, baba, toa viti hivi.

Nimemwambia difu ni ileile mbovu. Akasema anajua, twende.

Kona. Tairi limeanza kuzunguka bure. Kwenye kioo nimemwona Belyse anaegemea kushoto, mzima mzima, kichwa kwenye dirisha. Akasema, taratibu, usimkanyage Askofu. Maneno yaleyale ya Godelieve. Nilitaka kugeuka nione ni nani. Tairi likashika. Tukapanda.

Juu ameniambia kwamba wakati yeye mdogo, wakifika pale, Godelieve alimnong'oneza: egemea huku, tumsaidie, ila baba yako asijue, atasikitikia gari lake. Miaka yote ile. Nami nilidhani anatazama maua.

Nimelia kidogo mlangoni mwa kanisa. Mama Jeannine amenipa leso na kusema haya, dereva, ingia, mtoto anangoja mkono wako.

Jumapili, 2 Novemba

Kumetulia. Kiti cha nyuma kushoto kina maua matatu na pini moja ya shela. Sijafuta. Nimepanda mlima peke yangu, ili nijue tu. Tairi limezunguka bure palepale. Nimekaa dakika chache, injini imezimwa, dirisha wazi.

Nimeelewa kila kitu sasa. Jumatatu, kwenye vyuma chakavu, nilizungusha difu upande wa kushoto. Nilipaswa kuanza na wa kulia.

Nimempigia yule wa vyuma chakavu. Anayo nyingine, anasema inafuata vizuri kuliko ya kwanza. Anataka suti tatu. Nimekubali. Vipimo vya mabega ninavyo tayari.