Kitalu cha Sifuri

Jumamosi, 2 Machi 2024. Mikelenge, Kindu.

Nimedhalilishwa kabla ya chai. Christelle, yule msichana anayemalizia masomo ya kilimo, amekuja na kofia ya baba yake, ndani vikaratasi vinne. Nyumba nne, vitalu vinne, kila kitalu miche mia ya kabichi. Kila mmoja achomoe karatasi. Karatasi inasema utaweka vijiko vingapi vya urea, ile mbolea ya punje nyeupe. Asumani kachomoa kijiko kimoja. Mjane Rehema viwili. Tshimanga, jirani yangu wa ua mmoja, mtu ambaye hajawahi kuotesha hata pilipili, vitatu. Mimi sifuri.

Sifuri! Mimi Okito, miaka thelathini na mmoja kwenye reli! Mimi niliyelisha mtaa huu wakati wa vita, mji ulipozingirwa na hakuna aliyethubutu kwenda shambani! Nikauliza kama hakuna kosa. Christelle akajibu kwa heshima zote kwamba kitalu cha sifuri ndicho cha maana kuliko vyote, kwa kuwa vingine vitapimwa kwacho. Maneno ya namna hiyo huambiwa mchezaji anayeachwa benchi.

Euphrasie, mke wangu, hakukasirika hata kidogo. Yeye anawaza gunia tu. Watu wa mradi wa mbolea, wanaomtumia Christelle, wameahidi: vijiko vikionyesha tofauti, kila nyumba itapata gunia la urea kwa msimu. Miche yake ya nyanya inatoka njano, mwaka wa tatu huu, na soko la Kasuku halitaki miche ya njano. Ameniambia kazi yangu ni moja, kutofanya kitu. Ameniambia mara mbili.

Jumanne, 5 Machi.

Tshimanga amenisalimia juu ya ua. Eti miche yangu inaendeleaje. Yake kijani kibichi, majani yamesimama. Yangu rangi ya mtu mwenye malaria. Akaniambia, "Papa Okito, njo bahati, usikasirike." Alikuwa anatafuna karanga. Nitamkumbuka.

Nimefungua sanduku, nimetoa daftari langu la vita. Ukurasa wa Alhamisi, 14 Machi 2002: "Lengalenga imefika magotini. Dawa inafanya kazi. Kopo moja, maji makopo kumi, chini ya shina, si juu ya jani. Euphrasie haulizi inatoka wapi. Asiulize."

Urea tungeitoa wapi mwaka ule? Hatukuwa na chumvi wala sabuni. Tulichopata kila asubuhi bila kukosa ni mkojo, na mkojo ni mbolea, nilisoma katika kijitabu cha mapadri. Mtaa mzima ulikula mchicha huo. Mpaka leo wananiita Papa Lengalenga, na wanavua kofia. Siri hiyo nimeilinda miaka ishirini na miwili. Na dawa yenyewe haikukatazwa na karatasi yoyote ya Christelle. Karatasi inakataza vijiko.

Jumapili, 10 Machi.

Wote kanisani. Nimesema kiuno kinauma. Kopo moja, maji makopo kumi, mara ya tatu tangu Jumatano. Kuinama kwenye miche mia si mchezo. Kiuno kimeanza kuuma kweli. Adhabu ya haraka hivi si haki.

Jumamosi, 16 Machi.

Christelle kaja na rula. Kwa Tshimanga, sentimita kumi na mbili. Rehema kumi na moja. Asumani tisa. Kwangu, kumi na nne. Akapima tena. Akaazima rula nyingine. Nilisimama mikono nyuma kama gavana. Tshimanga aliacha kutafuna. Siku nzuri kuliko zote tangu nistaafu.

Jumatatu, 18 Machi.

Balaa. Bwana wa mradi amesoma vipimo. Ikiwa sifuri imeshinda vitatu, basi udongo wa Mikelenge hauhitaji urea. Magunia yatavuka mto kwenda Alunguli. Christelle analia. Mwalimu wake amemwambia ama amechanganya vikaratasi ama amebuni namba, na kwa vyovyote hatamaliza mwaka huu.

Zaidi ya hayo, watu wanakuja na mabeseni kuomba udongo wangu wa ajabu. Asumani kachukua matatu. Ningemnyima kwa sababu gani? Pembeni ya kitalu sasa kuna shimo la kumtosha mbuzi.

Euphrasie amekaa mbele ya nyanya zake za njano. Hasemi. Kwa kawaida nalalamika kwamba anasema mno. Leo kimya chake kinanitesa. Nikikiri, huenda gunia likarudi. Nikikiri, mtaa wote utajua ulikula nini wakati wa vita. Nimefikiri mchana kutwa na sijapata njia ya tatu.

Jumatano, 20 Machi.

Nimekiri. Nilianza na Euphrasie. Nilikusudia kusema ya mwezi huu tu, lakini yakatoka yote pamoja, hata ya 2002. Nilitegemea ufagio. Akanitazama tu. Akasema, "Papa, unazania mie sikukuwa na pua?"

Akasema alikuwa anaosha yale majani mara tatu, anayachemsha sana, anawapa watoto. Watoto wa mitaa mingine walikuwa wanavimba miguu kwa njaa, wa kwetu hawakuvimba. Hakuuliza kwa sababu hakutaka kujibiwa. Nilimpenda mwanamke huyu, na nilikasirika pia, maana miaka yote hiyo nimeficha bure.

Kisha akanishika mkono mpaka kwa Christelle, nikarudia mbele ya watu. Tshimanga alikuwepo. Wakati wa vita yeye ndiye aliyekuwa anaomba nyongeza. Aliuliza dawa ilichanganywa vipi, nikamweleza, kopo moja kwa kumi. Alikwenda kusukutua kinywa. Christelle alifuta machozi, akaandika kila kitu, akauliza hata ukubwa wa kopo. Jaribio litarudiwa. Mradi umekubali kungoja, mara hii moja tu.

Jumamosi, 23 Machi.

Kofia tena, miche mipya. Nimechomoa vitatu! Hatimaye haki. Tshimanga kachomoa sifuri. Christelle ameonya mbele ya wote, lakini alikuwa ananitazama mimi: vijiko vitatu njo mwisho, ukizidisha mizizi inaungua, siku mbili miche imekauka. Kitalu kimoja kikiharibika, magunia yanakwenda Alunguli na hayarudi. Wanafunzi wanapenda kutisha.

Euphrasie kapima vijiko mwenyewe, kakificha kijiko. Halafu kafagia kona ya jikoni pa kuwekea gunia. Alikuwa anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mvua za mwaka jana.

Jumapili, 24 Machi.

Kuna jambo. Tshimanga kapewa sifuri na hana kinyongo. Anapiga mluzi! Nimemchungulia tangu alfajiri. Ananyunyizia maji, maji tu, eti. Mtu gani anapewa sifuri akapiga mluzi? Watu nawajua. Ana mpango. Na vipimo vya dawa nimempa kwa mdomo wangu mwenyewe. Siku ya kupima sifuri yake itashinda vitatu vyangu, na gunia la Euphrasie litapotea kwa sababu ya udanganyifu wa mtu mwingine. Siwezi kukaa nikitazama mke wangu anaonewa.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Kila mtu yuko kwenye maandamano ya kanisa ya Jumapili ya Matawi, Tshimanga pia. Nimeongeza kopo moja tu la dawa juu ya vile vijiko vitatu. Maji sikutia, nyimbo zilikuwa zimeanza kukaribia.