Baba Mkwe Apanda Ngazi

Sumbawanga iliamka na baridi yake ile ya kung'ata masikio, na mjini habari ilikuwa moja tu: Bwana Saad, mwenye duka na lori, amejenga ngazi ndani ya nyumba. Si nje kwenye ghala la mahindi, mahali ambapo ngazi imekaa siku zote bila kumsumbua mtu. Ndani. Tena inazunguka.

Kwa Huseni muuza kahawa, pembeni ya soko, ngazi ya watu ilikuwa imeshachambuliwa kabla vikombe havijapoa. Polikarp, aliyeitwa Kopabelti kwa sababu aliwahi kuchimba shaba huko Rodeshia na tangu arudi hajapata hadithi nyingine, alikuwa amepandisha sauti.

"Hata Bwana Shauri, Mwingereza mzima na bendera yake, analala chini kama sisi. Saad anakwenda juu kutafuta nini?"

"Hewa," alisema Huseni.

"Hewa ya Ufipa hii hii inayotutoa machozi? Mimi ngazi nimeziona kule, kwa meneja. Zimenyooka. Ngazi ya kuzunguka ni ya mtu anayekwenda mahali asipotaka kujulikana."

Basil akadakia. Huyu walimwita Shahidi, maana halijatokea jambo Ufipa nzima yeye asiwepo. Akaeleza kwamba ameipanda ngazi hiyo mwenyewe, akapata kizunguzungu, akatokea juu anatazama upande wa Laela wakati aliingia anatazama Milanzi. Huseni akamkumbusha kwamba Saad hajamfungulia mtu mlango wa ghorofani. Shahidi akajibu kwamba alipanda kabla mlango haujawekwa.

Modesti alikuwa amejikunyata mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hanywi. Ngazi ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Useremala aliusomea kwa mapadri Kaengesa, na huko ndiko alikopanda mnara wa kengele kwa ngazi iliyojipinda. Saad alipomwambia anataka kufika ghorofani bila dukani kupungua hata rafu moja, Modesti akaukumbuka mnara. Akasimamisha nguzo moja ya mninga, akaizungushia vidato kuanzia chini hadi juu, na kitu chote kikakaa penye nafasi ya magunia mawili ya chumvi. Kwa kweli alijisikia fundi.

Ila kilichomkosesha usingizi hakikuwa ngazi, kilikuwa Silvana. Alishapeleka mshenga Milanzi kwa baba yake, Mzee Oswaldi, na mzee hakukubali wala hakukataa. Mwisho akatuma neno: atakuja mwenyewe aione kazi ya huyo kijana, ndipo atoe jibu. Siku yenyewe ndiyo hiyo.

"Sasa Modesti," Shahidi akamgeukia, mpole kupita kawaida yake. "Mzee akitaka kuipanda, wewe utakuwa wapi?"

"Nitatangulia nimwoneshe njia."

"Utatangulia. Yaani miguu yako juu ya kichwa cha baba mkwe."

Modesti akakiweka kikombe chini. "Basi nitamfuata nyuma."

"Umfuate nyuma. Yeye kavaa shuka, wewe uko chini unatazama juu."

Kopabelti akapaliwa na kahawa. Huseni, mtu wa huruma, akapendekeza wapande bega kwa bega, lakini Modesti akasema kwa sauti ndogo kwamba haipiti ila mtu mmoja. Alipima mwenyewe.

Maskini, hapo ndipo alipoliona kosa lake. Alikuwa amepima kila kitu, hadi sinia la chai la Bi Hamisa, mke wa Saad, lisije likagonga nguzo. Adabu hakuipima. Mfipa akikutana na mkwewe hujishusha, akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu. Kwenye ngazi ile utapiga magoti wapi? Kopabelti alimshauri aseme ana homa. Shahidi alimshauri ahamie Rodeshia.

Mzee Oswaldi akatokea na fimbo yake na shuka jipya, na kijiwe chote kikahamia dukani, kila mmoja akidai amefuata chumvi. Modesti akaamua kubaki chini, mbali kidogo, magoti sakafuni, macho sakafuni. Akapiga makofi. Mzee akaitikia, akaigonga nguzo kwa fimbo, akaanza kupanda.

Akazunguka, akapotelea nyuma ya nguzo. Akatokea tena, uso kwa uso na watu.

"Ametokea," Shahidi akanong'ona.

Mkubwa akitokea, husalimiwa. Modesti akapiga makofi. Mzee akasimama, akaitikia, akauliza habari za nyumbani na za mavuno, akaendelea. Akapotea. Akatokea. Makofi. Wale wa chumvi wakaona aibu kusimama, nao wakapiga magoti, Huseni na birika lake mkononi. Hata Bwana Saad, nyuma ya meza yake, akajikuta ameinamisha kichwa.

Juu, Bi Hamisa alikuwa ameandaa chai. Mzee hakukaa. Alichungulia chumba mara moja, akageuka, akashuka, akisalimiwa kila alipotokea. Alipofika chini wakadhani amemaliza. Akapanda tena. Chai ikapoa, magoti yakauma, na Modesti akazidi kuhofia, maana katika salamu zote hizo mzee hakuwa amegusa habari ya Silvana hata kidogo.

Mwishowe akashuka, akaiegemea nguzo, anahema.

"Kijana, Silvana nakupa. Ng'ombe wa mahari kaa nao. Mimi nataka unijengee ngazi kama hii, kwangu Milanzi."

Modesti aliyasikia maneno matatu ya kwanza tu. Furaha ilimziba masikio, akawa anapiga makofi mfululizo na machozi yanamtoka. Ikabidi Shahidi ndiye aulize.

"Lakini mzee, kwako ni nyumba ya nyasi. Haina ghorofa. Ukishafika juu utafanya nini?"

Mzee Oswaldi alimtazama kwa huruma.

"Nitashuka," alisema. "Na ninyi mtanisalimu upya."