Kompyuta Iliyokuwa Ikitafakari

Napenda kuutaarifu umma wa Tunduma na vitongoji vyake kwamba kompyuta mpakato ya Ofisi ya Uratibu wa Shehena Laini haikufa. Ilikuwa katika mchakato. Wanaosema ilikufa hawajui tofauti kati ya kifo na mchakato, na wengi wao walikuwa kwenye foleni.

Mimi ni Osea, katibu wa ofisi hiyo. Kazi yetu ni moja: hakuna lori la matunda wala mboga linalovuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, bila kibali chetu, na hakuna kibali kinachotoka ila ndani ya kompyuta hiyo. Tunayo moja tu, ili kuepusha migongano. Mkuu wetu alikuwa Mheshimiwa Aliko, mtu wa maono. Ndiye aliyeelekeza kompyuta ijisasishe yenyewe bila kumuuliza mtu, kwa maneno yake, "kama tufanyavyo sisi viongozi."

Jumatatu asubuhi niliiwasha. Ikaonyesha nembo, ikazungusha kiduara, ikawa nyeusi. Nikaiwasha tena. Nembo, kiduara, giza. Nikaandika kwenye daftari la matukio: "Kifaa kinaendelea vizuri, ila hakiwaki."

"Hakiwaki ni lugha ya kukatisha tamaa," alisema Mheshimiwa. "Andika kinatafakari."

Nikafuta, nikaandika kinatafakari.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Fides, mkulima wa Isansa. Alikuja na fuso lililojaa parachichi za familia kumi na moja za kikundi chake cha kanisani, na ombi lake la kibali alikuwa amelileta siku tisa kabla, asije akachelewa. Parachichi kwa bahati mbaya halijui mchakato. Leo jiwe, kesho siagi, keshokutwa inzi.

"Katibu, za kazi?" alinisalimia dirishani. "Kibali changu vipi?"

"Mfumo unatafakari, mama."

"Unatafakari nini? Mimi nimeleta parachichi, sijaleta swali."

Jumanne Mheshimiwa aliunda Kamati ya Uamsho wa Kifaa. Mwenyekiti alikuwa yeye, katibu mimi, na Rabson, mlinzi wetu wa getini, akateuliwa kuwakilisha sekta binafsi. Tangazo lilipobandikwa, walikuja akina mama watatu na Biblia wakiuliza uamsho unaanza saa ngapi. Tuliwashukuru kwa mwitikio. Kamati iliazimia kifaa kipumzishwe saa ishirini na nne kikiwa kimefunikwa kitambaa. Jumatano iliazimia kigeuzwe kielekee Dodoma. Kiligeuzwa, na muhtasari ukasainiwa. Kiliendelea kutafakari, safari hii kikiitazama Dodoma.

Alhamisi asubuhi Fides alipanda juu ya fuso, akabonyeza parachichi moja. Kidole gumba kikazama. Alishuka, akaja ofisini, akaliweka juu ya meza yangu, kwenye mihtasari. Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ningejua la kufanya, kwani tuna fomu ya kelele.

"Katibu," alisema, "wenzangu walichuma kwa mikono, wakabeba kichwani mpaka barabarani. Nikirudi niwaambie nini? Kwamba kompyuta ilikuwa inawaza?"

Nilisikia kitu kifuani ambacho hakikuwa na kifungu. Nikalitazama lile tundu la kidole, nikashindwa kuandika.

Aliondoka bila kuaga. Baada ya nusu saa alirudi na binti mmoja mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Huyo ni Jenista, fundi simu, kibanda chake kiko jirani na maegesho ya malori.

"Iligoma baada ya apdeti?" aliuliza.

"Baada ya masasisho ya kiotomatiki," nilimrekebisha.

"Ndo hiyohiyo. Kuna mtu aliichomoa umeme katikati?"

Nilikumbuka Ijumaa jioni. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa "Usizime", na Mheshimiwa akachomoa waya ili achaji simu yake, akisema hapangiwi na mashine. Betri ya kompyuta ilikwisha kuchoka tangu mwaka juzi. Daftarini tukio hilo nilikuwa nimeliandika kama "hitilafu ya kiumeme kutoka nje".

Mheshimiwa alitoka chumbani kwake. "Huyu hana kitambulisho cha ofisi. Haruhusiwi kugusa mali ya umma."

Kamati ikakaa kwa dharura, tukiwa tumesimama. Iliazimia Jenista atoe ushauri wa mdomo tu, akiwa nje ya kizingiti. Kisha Mheshimiwa akapata wazo kubwa. Kwa kuwa kifaa kingeamka chini ya uongozi wake, alitaka wananchi washuhudie. Akaagiza projekta iunganishwe, ukuta mweupe uachwe wazi na watu wa foleni waingie. Waliingia kama arobaini, wengine na simu zao mkononi tayari kurekodi. Mheshimiwa alivaa koti.

"Haya, katibu," Jenista alisema kutoka mlangoni. "Hiyo flashi ya nini?"

"Nyimbo za injili."

"Chomoa. Inawezekana inatafuta njia ya kuwakia humo."

Nikachomoa. Giza bado.

"Bonyeza kitufe cha kuwashia, usiachie mpaka nusu dakika."

Mheshimiwa alihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na saba simu yake ikaita, tukaanza upya.

"Sasa iwashe. Ukiona nembo tu, izime kwa nguvu. Mara tatu."

"Unamwagiza mtumishi aizime mali ya umma makusudi?" Mheshimiwa aliuliza. "Mara tatu?"

"Mzee, mbona nyie mmeizima siku nne?"

Watu walicheka. Mimi niliandika: "Wananchi walionyesha furaha." Nikawasha, nikazima. Nikawasha, nikazima. Nikarudia mara ya tatu. Nilipoiwasha tena, ukuta mzima ukawa wa buluu, ukaandika maneno.

"Hapo hapo!" Jenista aliruka kizingiti kwa mguu mmoja, akakumbuka azimio, akaurudisha. "Tafuta pa kutatua matatizo. Eeh. Kisha palipoandikwa ondoa sasisho la mwisho. Bonyeza. Iache sasa ifanye kazi, asiguse mtu waya!"

Sijui kwa nini alimtazama Mheshimiwa.

Tulisubiri. Fides alikuwa amefumba macho. Asilimia zikapanda polepole, kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Nembo. Kiduara. Halafu mwanga, na mlio ule mdogo wa kuamka. Watu wakapiga makofi, na Mheshimiwa akainua mkono kuyapokea.

"Ndugu wananchi," alianza, "huu ni ushahidi wa uongozi unaoona mbali..."

Kompyuta ni mtumishi mwaminifu kuliko wengi wetu. Ilipoamka iliokoa waraka uliokuwa wazi ilipokatwa umeme, ikauonyesha ukutani nyuma ya Mheshimiwa kwa herufi za ukubwa wa sahani. Lucky, dereva wa fuso, mtu wa Nakonde, akausoma taratibu:

"Utaratibu wa Kuvuka, Siri. Moja, lori la Mheshimiwa, parachichi, litangulie. Mbili, lori la shemeji. Tatu, Fides wa Isansa, kibali kimekamilika, kizuiwe mpaka letu livuke, asituharibie soko." Akamgeukia Mheshimiwa kwa neno la heshima la kwao. "Mukwai, hili *letu* ni la nani?"

Mheshimiwa aligeuka ukutani, maneno yakamwangukia usoni na kwenye koti.

"Hiyo ni rasimu," alisema. "Osea, zima!"

"Usiizime mzee," Jenista alisema, "ndo kwanza imepona."

Waraka ule niliuandika mimi, kwa imla yake, na nilikuwa nimeweka koma zote mahali pake. Fides alinitazama, akijua. Kutazamwa vile ni kuzito kuliko karipio la maandishi.

"Chapisha namba moja kwanza," Mheshimiwa alininong'oneza.

Nilichapisha namba tatu. Nikagonga muhuri, nikamkabidhi Fides kwa mikono miwili. "Samahani, mama," nilisema, neno ambalo katika miaka kumi na mmoja sijawahi kulitoa dirishani.

"Asante, katibu," alisema. "Ungelisema Jumatatu."

Fuso lilivuka kabla ya saa sita. Theluthi ya parachichi zilikuwa zimelainika, zikaishia kwa mama ntilie wa Nakonde. Zilizobaki zilipata mnunuzi. Video ya ukuta ilifika makao makuu kabla fuso halijafika sokoni, na Ijumaa barua ikaja kumpumzisha Mheshimiwa.

Jumatatu iliyofuata alikuja na lori lake, akiwa mwananchi, akanyoosha moja kwa moja mlangoni. Rabson akasimama mbele yake.

"Shikamoo mzee. Foleni inaanzia kule kwa mziba pancha."

"Rabson! Hunijui mimi?"

"Nakujua, mzee. Sote tumekuona."

Nilikuwa dirishani. Mheshimiwa alinitazama, nami nikatazama orodha. Akaenda. Mwanamke wa mwisho kwenye foleni, mwenye matenga ya nyanya, alisogea kidogo kumpa nafasi ya kusimama.

"Karibu mzee," alimwambia. "Wewe ni wa kumi na nane."